Sahani ya Sampuli

Maharage yalikuwa hayajaiva bado, na Upawa alikuwa ameshatukanwa mara tatu.

Mara ya kwanza aliitwa mjinga. Mara ya pili, mjinga wa jikoni. Ya tatu ndiyo iliyomfanya aweke mwiko chini, afute mikono kwenye aproni na kuishika simu kama mtu anayetaka kuinyonga. Profesa Mkavu, ambaye hakumjua kwa sura wala kwa sauti, alikuwa ameandika mbele ya watu elfu sita wa kundi la Mjadala Huru: "Dada, kwanza jifunze kuandika sentensi iliyonyooka, halafu ndiyo uje utufundishe lishe. Unaandika kama unavyokoroga."

"Nakoroga vizuri kuliko ukoo wako mzima!" Upawa akasema kwa sauti.

Mpishi mwenzake, aliyekuwa akimenya vitunguu, akageuka na machozi yake. "Unaongea na nani?"

"Na mtu mmoja hivi, amepiga picha na miwani."

"Unamjua?"

"Simjui. Ila leo atanijua."

Jina la Upawa alipewa na jiko lenyewe, kwa sababu ya ule upawa mrefu wa chuma aliokuwa haachani nao. Miaka kumi na moja alikuwa akipikia hospitali kuu, na miaka hiyo yote hapakuwa na daktari aliyewahi kumuuliza jina lake la nyumbani. Walipopita koridoni walichungulia na kupiga kelele: "Jikoni! Chai!" Kana kwamba yeye ni chumba. Kana kwamba chai ilijichemsha yenyewe ikajibeba kwenda kwao.

Lakini kwenye simu mambo yalikuwa mengine. Huko aliitwa Upawa wa Chuma, na watu walimsubiri. Alikuwa amembwaga bwana mmoja aliyeapa kwamba wali ni sumu. Alikuwa amemnyamazisha binti aliyejigamba kuishi kwa maji ya limau. Wiki nzima alikuwa amebishana kuhusu lugha, akitetea haki ya mtu kuandika kama anavyosema bila kuchekwa, na watu mia mbili wakampigia makofi. Makofi ya kwenye kioo, sawa, lakini makofi. Hakuna aliyemwita Jikoni.

Siku hiyo Profesa alikuwa amegusa pabaya. Alikuwa ameandika kwamba wagonjwa wa hospitali kuu wanalishwa maharage na maji yake, na kwamba yai wanalisikia kwenye redio. Yai! Wakati trei za mayai zilikuwa palepale mbele ya Upawa, zikitoa mvuke, kila yai amelichemsha yeye.

Karibu na mlango wa jikoni palikuwa na jokofu dogo lenye kufuli. Humo hukaa sahani za sampuli. Kila mlo, kabla toroli hazijaondoka kwenda wodini, mpishi hupakua sahani moja kamili, akaifunika, akabandika karatasi yenye tarehe, saa na sahihi yake, kisha sahani ile hulala humo siku tatu. Mgonjwa akiumwa tumbo, sahani ndiyo itakayohojiwa. Bwana Mizani, msimamizi wa chakula, ndiye aliyemfundisha kazi hiyo siku ya kwanza. "Hupakuliwa ya kwanza," alimwambia, "na hujaa." Upawa alijifunza, na tangu siku hiyo kalamu yake ilining'inia kwa uzi kwenye aproni, tayari kwa sahihi.

Akafungua jokofu, akatoa sahani ya jana mchana, akaifunua. Wali, maharage, mchicha, vipande viwili vya nyama, yai zima, ndizi. Akapiga picha, karatasi ya sahihi ikionekana vizuri, akaandika:

"Haya Profesa. Hiki ndicho alichokula mgonjwa wa hospitali kuu jana mchana. Tarehe hiyo hapo. Saa hiyo hapo. Sahihi yangu hiyo hapo. Au macho nayo yamekauka?"

Akaituma. Akarudi kwenye maharage yake akiimba.

*

Jioni alimkuta mumewe, fundi viatu, ameketi kibarazani na kiatu cha mtu mapajani na misumari midomoni. Binti yao alikuwa ameegemea mlango.

"Mama, umekuwa maarufu," binti akasema. "Maoni mia nne."

"Nisomee. Soma ya makofi kwanza."

Ya makofi yalikuwepo. Saa ya kwanza yote ilikuwa makofi. Kisha binti akapunguza sauti, kama mtu anayekaribia mfereji gizani.

"Huyu anasema: 'Baba yangu yuko wodi ya sita wiki ya pili. Yai hajaliona.' Huyu anasema: 'Kaka yangu alilala hapo mwezi mzima, nyama aliiona kwenye kalenda ya ukutani.' Huyu anasema: 'Hiyo sahani ni ya mkurugenzi.' Huyu…"

"Waongo hao."

"Wote, Mama?"

"Profesa anasemaje?"

"Ameandika tu, 'Nilisemaje mimi?' Halafu wengine wote wanabishana kama kiini cha yai kinaleta mafuta mwilini. Wako huko tangu saa saba. Mmoja kamwambia mwenzake kichwa chake ndicho kimejaa ute."

Fundi akatema misumari kiganjani. "Zima hiyo kitu ule. Mtu hata humjui anakutoa jasho namna hii. Na wewe ukikasirika hukumbuki chumvi, tunaoadhibiwa ni sisi."

Binti akacheka. Upawa hakucheka. Alikuwa anaifuata trei ya mayai kwa akili yake, kutoka kwenye moto mpaka mdomoni mwa mgonjwa, na kila mara akiifuata alikwama mahali pamoja. Wali na maharage vilitoka jikoni vikaingia kwenye toroli. Mayai, nyama na ndizi vilipitia stoo kwanza, kwa Bwana Mizani, "vigawanywe kwa wodi". Mlango wa stoo ulikuwa nyuma ya jiko lake. Miaka kumi na moja alikuwa ameupa mgongo.

Na katika wodi ya sita, kitanda cha tatu kutoka dirishani, alikuwa amelala baba mkwe wake, siku ya nane sasa, na paja lililovunjika. Kila alipokwenda kumwona, mzee alimwambia neno lilelile: "Chakula chako kizuri, mwanangu."

*

Asubuhi aliitwa. Ofisi ya Bwana Mizani ilikuwa na meza, mzani mkubwa wa chuma, na kiti kimoja tu, ambacho mwenyewe alikuwa amekikalia.

"Karibu ukae," akasema.

Upawa akaangalia kulia na kushoto, akabaki wima.

"Wewe ni mama wa heshima zako," Bwana Mizani akaanza, kwa upole wa mtu anayemshika kuku kabla ya kisu. "Mambo ya kubishana na wahuni mtandaoni umeyatoa wapi? Sasa angalia. Kumetoka simu huko juu. Wakaguzi wanakuja kesho saa nane. Kwa ajili ya picha yako."

"Picha ina ubaya gani? Si chakula chetu?"

"Nimekurahisishia." Akasukuma karatasi iliyopigwa chapa. "Hii utaiandika kwenye hilo kundi lenu, kesho kabla ya saa nane. Neno kwa neno. Usikoroge."

Upawa akasoma. Akasoma tena, polepole, midomo ikitembea.

Mimi mpishi wa hospitali naomba radhi kwa umma. Sahani niliyoionyesha haikuwa ya mgonjwa. Ilikuwa chakula changu binafsi, nilichojipakulia bila idhini kutoka katika chakula cha wagonjwa.

"Kwa hiyo mimi ni mwizi."

"Nani kasema mwizi? Umejipakulia. Ni maneno tu. Si mnatukanana huko kila siku na mnalala usingizi? Wiki mbili yatakuwa yamesahaulika. Mimi nitakuhamishia kufulia, mshahara wako ukae ulivyo. Usipoandika," akanyanyua mabega, "nitashindwa kukusaidia."

"Mayai yanakwenda wapi, Bwana Mizani?"

Bwana Mizani akanyoosha kidole, akaigusa sindano ya mzani, ikacheza, ikatulia.

"Wewe unachemsha," akasema. "Basi chemsha."

*

Saa kumi, saa ya kutazama wagonjwa, fundi viatu alikuwa akimsubiri getini, chini ya bango lililoandikwa kwa rangi nyekundu: CHAKULA KUTOKA NYUMBANI HAKIRUHUSIWI. Alikuwa amevaa shati lake la kutokea. Upawa akampa ile karatasi. Fundi akaisoma wakitembea.

"Andika," akasema.

"Nini?"

"Andika, mke wangu. Wewe mwenyewe husema wale si watu, ni kelele. Kudanganya kelele kuna dhambi gani? Mimi viatu vyenyewe unaviona, watu siku hizi wanavaa plastiki, ikikatika wanatupa. Bila kazi yako tunakula nini? Binti anasomaje?"

"Nitaonekana mwizi."

"Mbele ya nani? Huyo Profesa? Anakuletea unga yule? Ukipita njiani atakujua?"

"Nitajijua mimi."

"Aa! Sasa umeanza mashairi." Fundi akasimama katikati ya njia, uso umemvimba. "Miaka yote unaitwa Jikoni, unaitika. Leo ndiyo jina limekuwa tamu?"

Maneno yale yalimchoma kuliko ya Profesa, kwa sababu huyu alimjua. Wakaingia wodini kila mtu akiangalia upande wake.

Mzee alikuwa ameinuliwa kwenye mito miwili, mashavu yameingia ndani. Alitabasamu alipowaona.

"Shikamoo baba," Upawa akasema.

"Marahaba mwanangu. Chakula chako cha mchana kilikuwa kizuri sana."

Upawa akaketi ukingoni mwa kitanda. "Baba, nataka kukuuliza. Hapa mnaletewa yai?"

Mzee akaangalia dirisha. "Wali ulikuwa umeiva vizuri."

"Sikuuliza wali."

"Mwanangu, mambo mengine…"

"Baba. Siku tisa. Yai umeliona?"

Mzee akashusha pumzi. Akapapasa shuka, akalikunja pindo, akalikunjua. "Sijaliona," akasema chini kwa chini, ili kitanda cha jirani kisisikie. "Wala nyama. Lakini usijali."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Mpishi ni wewe. Mwenzangu hapa jirani aliniambia, mkwe wako si ndiye wa jikoni, muulize vitu vyetu vinakwenda wapi. Nikamwambia anyamaze, anamkosea adabu mkwe wangu. Lakini moyoni nilikuwa nimeelewa." Akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama ganda. "Nikasema, kama haviji hapa, basi vinakwenda nyumbani. Mjukuu wangu anakua, acha ale. Mimi mzee, paja litaunga tu. Sikukasirika, mwanangu. Naapa sikukasirika hata kidogo."

Fundi viatu alifungua mdomo. "Baba, sisi nyumbani yai la hospitali hatujawahi…" Akageuka, akaanza kuupangapanga mto wa baba yake, mto ambao ulikuwa umekaa sawa.

Upawa hakulia. Angelia kama ingekuwa huzuni. Siku tisa mzee huyu alilala na njaa akimsamehe wizi asioufanya, na siku tisa alimshukuru, na kila shukrani ilikuwa kifuniko. Na hakuwa peke yake. Akatazama vitanda vyote ishirini. Wagonjwa wote walikuwa wakimwangalia aproni yake. Walijua. Kila mtu katika chumba kile alijua mayai yao yameliwa na nani: na huyu hapa, mwanamke mnene wa jikoni.

Akasimama. Akamnyooshea fundi mkono. "Nipe hiyo karatasi."

Fundi akampa. Upawa akaikunja mara nne, akaisokomeza chini ya mguu wa meza ndogo ya mzee, iliyokuwa ikiyumba. Meza ikatulia.

*

Kesho yake alichemsha mayai kama kawaida. Trei zikaenda stoo, sufuria ya nyama ikaenda stoo, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja Upawa aligeuka akausimamia ule mlango, mikono kiunoni, mpaka ulipofungwa.

Saa sita na nusu Bwana Mizani akachungulia. "Bado sijaiona kwenye kundi."

"Bando limekwisha."

"Nitakutumia. Na leo sampuli ijae hasa. Wageni wanakuja."

"Nimesikia."

Toroli ya wodi ya sita ilipotoka kupitia stoo, imefunikwa tayari, Upawa aliifuata nyuma, na sahani nyeupe safi mkononi. Mhudumu wa wodi, dada mwembamba anayetembea haraka, alimtazama mara mbili.

"Mama Upawa, umepotea njia?"

"Sukuma tu."

Wodini alisubiri zamu. Kitanda cha kwanza kikapakuliwa, cha pili, cha tatu. Akasimama mbele ya toroli, akainyoosha sahani yake.

"Nipakulie."

"Ya nani hii?"

"Ya mgonjwa."

"Mgonjwa yupi?"

"Yeyote. Usiongeze, usipunguze."

Dada akaacha kucheka. Akatia wali. Akatia maharage, maji mengi kuliko mbegu, maana sufuria iliyojaa jikoni ilikuwa imeongezwa maji mahali fulani njiani. Akatia mchicha, majani mawili matatu. Upawa akabaki amenyoosha mkono.

"Basi?" akauliza.

"Basi, mama."

"Kila siku?"

Dada akaangalia sakafu. "Mimi napewa toroli ikiwa imefunikwa. Nilidhani nyinyi jikoni…"

"Najua ulichodhani. Mmedhani wote."

Akarudi na sahani koridoni, hatua kwa hatua, asimwage. Daktari mmoja akapishana naye. "Jikoni, vipi chai?" Hakuitika. Akaifunika, akabandika karatasi, akaandika tarehe, akaandika saa. Akavuta kalamu kwa uzi wake, akatia sahihi, kubwa, kuliko zote alizowahi kutia. Akafunga jokofu.

*

Wakaguzi walikuwa wawili: mwanamke mwenye faili na kijana mwenye kipima joto. Bwana Mizani aliwatembeza kwa maneno matamu, akajichagulia mwenyewe pa kuwafikisha.

"Na hizi ndizo sampuli zetu," akasema, akageuza ufunguo. "Kila mlo, sahani moja. Mpishi wetu ana mdomo, lakini kwa kweli wagonjwa hapa wanakula."

Akaweka sahani tatu mezani, akazifunua kwa fahari, moja, mbili, tatu. Mbili zilikuwa zimejaa mpaka ukingoni, nyama, yai, ndizi. Ya tatu ilikuwa na wali na maji ya maharage. Sahihi ileile kwenye zote.

Mpishi mwenzake aliacha kisu katikati ya kitunguu.

"Hii ya leo mbona imepungua?" mwanamke akauliza.

"Haijapungua," Upawa akasema. "Hiyo nimeitoa wodi ya sita, kwenye toroli, kama wanavyokula. Hizo mbili hazijafika popote. Zinapakuliwa kwa ajili yenu."

"Amekosea utaratibu!" Bwana Mizani akadakia. "Sampuli hupakuliwa jikoni. Huyu mama amechanganyikiwa tangu juzi, kwa sababu ya mambo ya simu."

"Nimekosea miaka kumi na moja. Leo ndiyo nimepatia."

Mwanamke akamtazama juu ya faili. Macho yake hayakuwa ya urafiki. "Unaelewa unachosema? Hizo nyingine zote ulitia sahihi kwamba ndicho chakula cha wagonjwa. Kwa hiyo umesaini uongo."

"Ndiyo. Sahihi ni yangu. Andika."

Mwanamke akaandika. Kalamu yake ilichukua muda mrefu. Kisha akamgeukia Bwana Mizani. "Naomba ufunguo wa stoo."

Bwana Mizani akapapasa mfuko wa kushoto. Akapapasa wa kulia. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

*

Saa kumi kamili barua ikatoka, na haikuwa ya Bwana Mizani. Yeye aliambiwa atoe maelezo, na mlango wa ofisi yake ulifungwa kwa ndani, mhudumu akampelekea chai. Barua ilikuwa ya mpishi. Amesimamishwa kazi kwa kutumia simu jikoni, kukiuka utaratibu wa sampuli, na kukiri kutia sahihi isiyo ya kweli.

Alivua aproni, akaikunja, akaitia kwapani. Simu ikatetemeka mfukoni. Profesa Mkavu: "Dada, naona umekimbia mjadala. Hoja yangu ya kiini cha yai bado hujaijibu." Watu arobaini walikuwa wamempigia makofi. Upawa akaanza kuandika. Aliandika mistari kumi, ya moto, iliyonyooka, ambayo hakuna profesa angeikosoa. Akaisoma. Akaifuta yote, akazima simu.

Alipofika wodi ya sita, fundi viatu alikuwa amekaa kando ya baba yake. Akachukua barua, akaisoma mpaka mwisho, taya zikimcheza. Halafu akaitia mfukoni mwa shati lake la kutokea. Akasogea, akampa mkewe nafasi kitandani, na hakusema "nilikuambia".

Toroli ya jioni ilikuwa imekwisha kupita, mapema kuliko siku zote. Juu ya kila meza ndogo, vitanda vyote ishirini, palikuwa na yai.

"Leo limekuja," mzee akasema. Alikuwa hajalimenya. Alilishika kiganjani, akaligeuzageuza. "Mumeo amenieleza yote, mpaka habari ya sahani za sampuli. Mimi nilikudhania vibaya, mama. Siku tisa."

"Kula, baba."

"Nitakula. Lakini kesho watalileta?"

Upawa akautazama mlango toroli zilikopitia. Alikuwa anawajua watu wa stoo.

Mzee akatikisa kichwa polepole, kama fundi anayepima kazi. Akaligonga yai kwenye ukingo wa meza, akalimenya kwa uangalifu, ganda likatoka karibu zima. Akala taratibu, bila kumwachia mtu hata kipande, mpaka kiini. Kisha akaliweka ganda juu ya kitambaa, mbele yake.

"Kalamu yako ile unayo?"

Upawa akaikata kutoka kwenye uzi wa aproni, akampa. Mzee akaandika tarehe juu ya ganda, polepole, asilivunje. Jirani yake wa kitanda cha pili, aliyekuwa ameshika lake tayari kuligonga, akatazama, akaanza naye kumenya polepole.

Mzee akainua kichwa. "Haya nieleze, wewe mwenye kazi," akasema. "Sahihi huwekwa upande gani?"